Mama Tuliyemwita Bwana Mifugo

Ilianza Jumapili, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nje ya kanisa letu, mwinjilisti alipoingiza mkono kwenye kapu na kutoa mtoto wa mbwa. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeikazia macho ile ya ukutani, kupitia mlangoni, nikiomba mnada uishe turudi nyumbani. Sipendi kusimama mahali ambapo watu hawana kazi ila kuangaliana.

Kwetu huku mlimani, asiyekuwa na pesa ya sadaka huleta alichonacho: mkungu, jogoo, mayai, chupa ya maziwa. Ibada ikiisha vinanadiwa nje, pesa inaingia kanisani. Mbwa hajawahi kuletwa. Mwinjilisti alimnyanyua juu kabisa, akasema, "Dume hili. Huyu akikua, wezi wa ndizi watahama wilaya." Baba yangu ni mzee wa kanisa, na wiki ile alikuwa ameibiwa mikungu shambani. Akanyoosha mkono. Hapakuwa na mshindani. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshampa jina, Tomi.

Lakini kabla ya kupewa sisi, Tomi alipita mikononi mwa Bwana Mifugo. Alimpokea kutoka kwa mwinjilisti, akamchungulia masikio, akamgeuza chali, akampuliza tumboni kutafuta viroboto. Halafu hakumpa Baba, alinipa mimi. "Mkono mmoja kifuani, mmoja matakoni," akasema. "Asining'inie." Hakusema zaidi ya hapo. Naomba likumbukwe, nitalirudia.

Ninayetaka kumwandika ni yeye. Tomi ni sababu tu.

Bwana Mifugo ni mama. Mgeni lazima aambiwe hilo kwanza, maana sisi tumeshasahau kwamba linashangaza. Wanasimulia kwamba kabla hajafika, mwenyekiti alitangaza mkutanoni kuwa Bwana Mifugo mpya anakuja Jumatatu. Watu wakachinja kuku, wakatoa kiti chenye mto. Akashuka msichana mwenye gambuti na begi. Mzee mmoja akamuuliza, "Binti, Bwana Mifugo umemwacha wapi?" Akajibu, "Nimekuja naye. Ng'ombe mgonjwa yuko wapi?" Baadaye walijaribu kumwita Bibi Mifugo, akakataa, akasema bibi atakuwa akizeeka. Alipozeeka kweli na kustaafu, wakajaribu tena. Akasema, "Sasa nimeshauzoea ubwana. Mniache nao." Kwa hiyo hata watoto wa darasa la kwanza wakimkuta njiani wanasema, "Shikamoo, Bwana Mifugo," naye anaitika, "Marahaba, wanangu," wala hacheki.

Kila sweta yake ilikuwa na mkono mmoja. Wa kulia aliukata begani siku hiyo hiyo aliyoinunua, kwa sababu ya kazi, kwa sababu mkono huo ndio unaoingia kwa ng'ombe. Hata sweta ya kwendea kanisani aliikata. Mama alimwambia mara moja, "Jamani, hata hii nzuri?" Akamjibu, "Ndama hajui kama leo ni Jumapili." Wakati wa baridi ya Juni, ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba, ungemwona anapanda mlima na baiskeli, mkono mmoja una sufu na mwingine una vipele vya baridi.

Ng'ombe aliwasemesha Kimeru. Mbwa, Kiswahili. Beberu la mbuzi akilishika alilitukana kwa Kiingereza, anasema mnyama yule hastahili matusi ya nyumbani. Alikuwa haogopi fahali, wala nyoka, wala mchungaji. Aliogopa bata mzinga. Jirani yetu alikuwa naye mmoja, na Bwana Mifugo alikuwa anazunguka kihamba kizima cha migomba, anapita kwenye matope ya mferejini, ili asikutane naye. Ukimuuliza anasema, "Yule ana kinyongo." Basi.

Alitaja vitu kwa majina yake. Nyumbani kwetu hatufanyi hivyo. Kwetu kuna "mambo ya kike" na "kule chini" na "hali ile". Bwana Mifugo alikuwa anakaa mezani, ameshika kikombe cha chai, anasimulia jinsi alivyomgeuza ndama ndani ya kizazi akamvuta kwa miguu ya nyuma, na Mama anampitishia sukari mara tatu ili anyamaze. Anaitia yote. Baba anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu hakukifunga nje. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa cha meza, lakini nasikiliza kila neno. "Ukiona haya kulitaja," alikuwa anasema, "utaona haya kulitibu. Na ugonjwa hauna haya."

Mimi aliniita Kimya. Mwanzoni iliniuma, kwa sababu shuleni nako ndivyo walivyo, mwalimu wa darasa ameandika kwenye ripoti yangu kwamba nijitahidi kusikika, kana kwamba mimi ni redio. Majibu ninayo, mkono ndio haupandi. Siku moja Bwana Mifugo aliona nimenuna, akasema, "Si tusi. Mnyama hasemi, lakini hanyamazi. Kazi yangu yote ni hiyo, kusikiliza wasiosema. Wewe nakusikia vizuri tu." Kisha akaniuliza maswali yake matatu, ambayo kwake ndiyo salamu: "Anakula? Anakunya? Anakuangaliaje?" Ukijibu "vizuri tu" anakasirika. Anataka umwambie *vipi*. Mavi ya rangi gani. Jicho linakufuata au linakupita. Nilijikuta namweleza habari za Tomi kwa sentensi ndefu, mimi ambaye mtu akinisalimia namjibu kwa kidevu.

Tomi alikuwa amekaa kwetu wiki chache tu Bwana Mifugo alipopita na chanjo ya kichaa cha mbwa. Baba alisimama karibu, anajivuna.

"Bwana Mifugo, dume langu hili litakuwa kubwa?"

"Kubwa atakuwa," akasema, anavuta dawa kwenye sindano. "Dume hatakuwa."

Baba alimchukua Tomi, akamgeuza, akaangalia, akamrudisha chini polepole kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mama aliingia jikoni haraka, kanga mdomoni. Jumapili iliyofuata Baba alimfuata mwinjilisti pembeni ya kanisa kuuliza kama kuna utaratibu. Mwinjilisti akamwambia, "Mzee, unajua mwenyewe. Sadaka hairudi."

"Basi akae," Baba alisema jioni ile, anavua viatu. "Lakini siku nikiamka nimekuta madume yamejaa uani, nampeleka sokoni Kikatiti, namwacha huko. Siwezi kufuga harusi za mbwa."

Hakuwa anatania. Kwetu watoto wa mbwa wa kike ndio wanaokutwa mferejini asubuhi, na mbwa jike aliyekwisha kukua anaachwa sokoni, aje kuokotwa na asiyejua. Tomi alikuwa analala mlangoni kwangu. Nikisoma kwa sauti namsomea yeye, na ndiye peke yake ambaye ameisikia sauti yangu ilivyo. Nilikaa kitandani nikafikiri: anakua kila siku, na kila siku anasogea karibu na Kikatiti.

Hapo ndipo lilipoingia suala la lini.

Bwana Mifugo alisema afungwe kizazi mapema, meno ya utoto yakishang'oka na kabla ya joto la kwanza la kutaka dume. Alilisema mbele ya Baba, joto, kwa sauti ile ile anayosemea habari za mvua. Mama hakutaka. "Kila jike azae hata mara moja, ndipo atulie," akasema. "Hata mnyama ana haki yake." Bwana Mifugo akamwambia hiyo ya kuzaa mara moja ni maneno ya watu, mbwa hasubiri uzazi ili awe na akili. Mama akasema, "Mbona Malaika wako alizaa?"

Malaika alikuwa mbwa wa Bwana Mifugo, na habari zake zinajulikana kijiji kizima. Bwana Mifugo ameshawapasua mbwa wa kila mtu kuanzia huku hadi Usa River, lakini Malaika hakumgusa. Kila mwaka alikuwa anasema, mwakani. Malaika alizaa na kuzaa, na Bwana Mifugo anatembea nyumba kwa nyumba na watoto kwenye kapu la baiskeli, akiwasifia kama mchuuzi. Uzeeni kizazi cha Malaika kikajaa usaha, na alipogundua alikuwa amechelewa. Huyo ndiye mtu anayewaambia wengine wasisubiri. "Mkono wangu ulikuwa haukati nyumbani," alimjibu Mama. "Ndiyo maana nawasema nyinyi."

Na macho yake je? Ugonjwa wa mtoto wa jicho aliugundua mwenyewe kabla ya wote, lakini akawa anawaambia watu ni vumbi la barabara. Alikuwa anapapasa sindano.

Sasa niseme kosa langu, ambalo nadhani si langu peke yangu. Nilisikia "kufunga kizazi" nikaelewa kufunga. Yaani fundo. Nikapata wazo ambalo nililionea fahari siku nzima, na alipokuja kukata kwato za mbuzi wetu nikamwambia.

"Tumfunge sasa, Baba atulie," nikasema. "Halafu nikimaliza kidato cha nne tumfungue, azae mara moja, na Mama naye afurahi."

Bwana Mifugo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu wa mbuzi mapajani. Alicheka mpaka mbuzi akachomoka. Akafuta macho kwa ule mkono mmoja wa sweta.

"Kimya, unadhani tunamfunga na nini?"

"Uzi."

"Fundo la mtelezo?"

Nikatazama chini. Akaacha kucheka.

"Kosa si lako, ni la neno. Tulilichagua kwa sababu linasikika na adabu. Hatufungi, mwanangu. Tunatoa. Tunapasua hapa chini ya kitovu, tunatoa kizazi pamoja na vifuko vya mayai, tunashona. Kikishatoka hakuna wa kukirudisha. Sasa umejua. Bado unataka?"

Sikujua. Lilipokuwa fundo lilikuwa jambo dogo. Nikamwomba aamue yeye.

"Mimi nimeshasema, mapema. Lakini mimi napanda baiskeli naondoka, wewe unabaki naye. Ukikubali kwa sababu tu ni Bwana Mifugo amesema, akiumwa utanichukia, na akipona hutajua kwa nini. Kafikiri, uniambie."

Nikafikiri. Na nikiwa bado nafikiri, Tomi akatangulia. Niliona matone ya damu sakafuni, nikamnong'oneza Mama. Mama akayafuta na tambara na kusema, "Shh, baba yako asisikie." Hivyo ndivyo tulivyolitunza jambo hilo, mpaka Jumapili.

Tulimfungia, akafukua chini ya mlango. Mnada ulikuwa katikati, Baba mwenyewe ameshika mkungu juu, niliposikia watu wa nyuma wanaanza kucheka. Tomi alikuwa anapanda ngazi za kanisa, mkia pembeni, na nyuma yake kundi la madume, likiongozwa na mbwa wa mwinjilisti. Wakaanza kupigana kati ya mafungu ya sadaka. Trei ya mayai ikaenda. Jogoo akakata kamba. Kijana mmoja wa kwaya akasema, "Mzee, dume lako limepata wachumba," na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Baba alibaki ameshika ule mkungu juu, kama amesahau ulivyo mzito.

Bwana Mifugo alipita katikati. "Yuko kwenye joto," akasema, kwa watu wote. "Ni hali ya jike mzima mwenye afya. Kuna mwenye kanga?" Mama akatoa yake. Bwana Mifugo akamfunika Tomi, akamnyanyua, mkono mmoja kifuani, mmoja matakoni, akanipa. "Tembea. Usikimbie, watafuata."

Nyumbani Baba alikuwa ameshatoa kamba. Alisema kesho yake ni siku ya soko. Bwana Mifugo alifika anahema, amesukuma baiskeli mlima wote kwa sababu njia alikuwa haioni vizuri.

"Basi mkate kesho, yaishe," Baba akamwambia.

"Kesho haiwezekani. Sasa hivi mishipa yake imejaa kama mfereji wakati wa masika. Ukikata leo unaweza kumpoteza mezani. Joto liishe kwanza, halafu umpe kama miezi miwili mwili utulie."

"Na miezi yote hiyo harusi iwe uani kwangu?"

"Joto ni wiki tatu tu, likiisha madume yatakusahau. Una stoo ya kahawa yenye mlango wa bati na sakafu ya saruji. Akae humo, Kimya amtoe na kamba."

"Na nikisema hapana?"

"Utakuwa umemtupa mbwa uliyempata mlangoni kwa Bwana. Mimi si mchungaji. Ila ningeona haya."

Baba alikunja kamba taratibu. "Akirudia joto jingine hamjafanya kitu," akasema, "sitamsikiliza mtu. Wala wewe, Bwana Mifugo."

Hivyo ndivyo tulivyopata muda. Bwana Mifugo alipokuwa anaondoka aliniambia kwamba yeye hatashika tena kisu, macho yamekataa. Kazi ataifanya daktari kijana wa Usa River, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha. "Yeye atakata. Lini, utasema wewe." Baada ya Pasaka binti yake alikuja na gari kutoka Njiro, akamchukua ili akatibiwe. Baiskeli ilibaki kwetu. Baba aliipaka mafuta, akaiegesha ndani ya stoo ya kahawa, pembeni ya Tomi.

Joto likaisha. Madume yakasahau, kama alivyosema. Lakini wiki kadhaa baadaye Tomi akaanza mambo. Aliiba kandambili ya Mama, ya bluu, akaipeleka kwenye gunia lake, akailalia. Ukikaribia anakunguruma. Anailamba. Akitoka anaibeba mdomoni taratibu, haiumi. Chuchu zikajaa, ukizigusa linatoka tone la maziwa. Mimi nilidhani ana mimba, nikahesabu kichwani kila siku ambayo kamba iliniponyoka. Mama alisimama mlangoni pa stoo, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, akasema, "Mnaona? Anataka mtoto. Mnataka kumnyang'anya." Nikashindwa. Kila nikitaka kusema siku, naiona ile kandambili.

Juni tulipofunga shule, Jumapili moja baada ya ibada, Mama alinipa hotipoti ya loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akanielekeza Njiro.

Nyumba ya binti yake ina ukuta mrefu na geti jeusi. Nilibonyeza kengele nikaomba asitoke mtu. Akatoka mlinzi. Barazani, kwenye vigae vinavyong'aa, alikuwa amekaa Bwana Mifugo, miwani myeusi, sweta mpya yenye mikono miwili. Sikumjua mpaka aliposema. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba. Huyo ni Kimya, nasikia hatua zake, anakanyaga kama anaomba msamaha." Na pembeni ya mlango zilikuwa gambuti zake, zimejazwa udongo, zimepandwa maua mekundu.

"Umeona?" akasema. "Wamenizika miguu, mimi mwenyewe bado niko hapa."

Alikula loshoro kwa kijiko kikubwa mpaka nusu ya hotipoti. Jicho la kulia lilikuwa limeshafanyiwa. Alivua miwani, akaniangalia kwa hilo moja, akaniambia nimerefuka na kwamba sikuwa na haja ya kuinama namna ile. Halafu: "Anakula? Anakunya? Anakuangaliaje?"

Nikamweleza. Nikaeleza kandambili, na maziwa, na maneno ya Mama.

"Hana mimba," akasema. "Ni mimba ya uongo. Inawapata wengi baada ya joto. Mwili umejiandaa kwa mgeni ambaye hakuja."

"Anaumia?"

"Anaota. Usimnyang'anye, usimkamue, na usimkate maziwa yakiwepo. Ndoto itaisha. Maziwa yakikauka na kiatu akikisahau, ndipo."

"Yamekauka," nikasema. "Kandambili iko nje kwenye mvua tangu juzi ya juzi. Jana aliiruka kumfukuza kuku."

Akageuza uso wote kwangu. "Sasa umekuja kuniuliza nini?"

Mlinzi alikuwa ana redio, kwaya inaimba. Nikasubiri wimbo uishe, haukuisha. Nikasema, "Naogopa namnyima kitu ambacho hawezi kukiomba."

Nilitegemea aniambie usiogope. Akakwangua hotipoti.

"Siku ile ya mnada nilimgeuza," akasema.

"Nakumbuka."

"Macho yangu ni mabovu, lakini siyo kiasi hicho. Niliona."

"Uliona ni jike?"

"Niliona. Mwinjilisti anatangaza dume, baba yako ameshanyoosha mkono, na mimi ambaye nilimwambia mchungaji mbele ya watu kwamba ng'ombe wake ana minyoo, nikanyamaza. Ningesema, angerudi kapuni, na jioni angekuwa mferejini. Nikakupa wewe. Nilimdanganya mzee wa kanisa kwenye uwanja wa kanisa, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Tomi naye hakuniomba." Akaweka kijiko chini. "Utaamua ukiwa hujui, Kimya. Kazi inayobaki ni kuwa pale akizinduka. Hiyo unaiweza. Malaika nilimwogopea hivyo hivyo unavyoogopa, nikaiita huruma."

Nikaangalia zile gambuti.

"Kesho," nikasema.

"Sijasikia."

"Kesho. Jumatatu."

Alitoa simu mfukoni, akabonyeza namba kwa kidole gumba bila kuangalia, akanipa. Nilidhani ataongea yeye. Ikaita. Akakunja mikono yake miwili ya sufu, akatazama pembeni, kama hanijui. Sauti ya kiume ikasema haloo, nami nikasikia mtu anasema kwamba ana mbwa jike, joto limeisha tangu baada ya Pasaka, maziwa yamekauka, anataka atolewe kizazi kesho. Yule mtu alikuwa mimi. Daktari akauliza uzito, nikamwambia. Akasema asile kuanzia usiku, maji aondolewe asubuhi, nimlete mapema. Akauliza, "Wewe ni mwanafunzi wa Bwana Mifugo?" Nikasema hapana. Bwana Mifugo, ambaye alikuwa hanijui, akasema, "Ndiyo."

Nilipokuwa nabeba hotipoti kuondoka, nikamuuliza, "Na jicho la pili, lini?"

"Aa, hilo. Muda upo. Hili moja linatosha kwanza, tutaona huko mbele."

"Siku gani?"

Nikangoja, kama anavyongoja yeye, mpaka wimbo wa mlinzi ukaisha kweli.

"Una ubaya wewe," akasema. Halafu akacheka, akapiga goti kwa kiganja. "Nitamwambia binti yangu leo. Nikifunguliwa na la pili nakuja kumwona Tomi. Na baiskeli yangu muipake mafuta."

"Baba ameshaipaka."

"Baba yako?" Akavaa miwani haraka.

Asubuhi yake niliamka kukiwa na ukungu. Bakuli la Tomi nililifunika tangu usiku, nikamwaga na maji. Alininusa mikono yote miwili, akaniangalia, jicho likanifuata hadi mlangoni. Baba alikuwa anakunywa chai. Mama alikuwepo. Nilisimama mbele ya meza, siyo pembeni, nikasema, "Baba, shikamoo. Tomi alipata joto, limeisha. Leo anatolewa kizazi Usa River. Naomba unisindikize, akizinduka atakuwa mzito, sitaweza kumbeba peke yangu."

Baba alimwangalia Mama. Mama aliangalia sukari.

"Ni Bwana Mifugo amesema?" akauliza.

"Ni mimi."

Alimaliza chai yake. Akaenda stoo ya kahawa, akarudi na baiskeli, kwenye kapu ametandika gunia la Tomi. Mama alitusindikiza mpaka barabarani amevaa kandambili zake zote mbili, ile ya bluu ina matundu ya meno kisiginoni. Nikamnyanyua Tomi, mkono mmoja kifuani, mmoja matakoni, nikamweka kapuni, na tukaanza kushuka, Baba ameshika usukani, mimi nimeshika mbwa.